Una AS? Baba mtoto apimwe kwanza

Mama kijacho, ukiambiwa kliniki una AS, yaani umebeba kinasaba kimoja cha selimundu, usikimbilie kipimo cha mtoto tumboni. Baba mtoto akatolewe damu kwanza. Akiwa AA, yaani hana kinasaba hicho, mtoto hawezi kuwa SS, yaani mwenye vinasaba viwili na ugonjwa wenyewe. Umeokoa pesa na usingizi. (Atakwambia "mbona mimi mzima!" Mwenye AS kwa kawaida ni mzima, ndiyo maana anapimwa.) Naye akiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa SS. Sasa kaeni mjiulize, kabla ya sindano ya kuvuta maji ya uzazi, inayofanywa kuanzia wiki ya 15 na yenye hatari ndogo ya kuharibu mimba: majibu yakija SS, mtafanya nini? Kama ni kujiandaa tu, tone la damu ya kisigino cha mtoto akishazaliwa linatosha.