Farasi na askari dhidi ya ngome: usikimbilie kuila ngome

Hili ni fumbo la chesi. Panga ubao kwanza, ukianza kupiga hesabu kichwani tu utapotea (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu ya ulalo). Mweupe: mfalme e3, farasi e2, askari f7. Mweusi: mfalme h5, ngome f1. Zamu ya Mweupe, na anashinda.

Kabla hujagusa kitu jiulize nani anataka nini. Askari kabakiza hatua moja awe malkia, ila ngome iko nyuma yake kwenye mstari uleule wa f, yani ukimsogeza f8 saa hizi analiwa palepale na unabaki na farasi dhidi ya ngome, ambayo kawaida ni sare na tena we ndo utakuwa unajitetea. Kingine, mfalme na farasi peke yao hawawezi kumpiga mtu mati, yani kumtishia mfalme akose pa kukimbilia. Kwa hiyo ushindi wote umekaa kwa huyo askari, farasi ni kibarua wake tu.

Sasa jicho linakimbilia wapi? g3. Farasi akitua pale anampa mfalme cheki, yani anamtishia moja kwa moja, na hapohapo anaitishia ngome, na mimi mara ya kwanza nilicheza hivyo bila hata kupumua. Tamaa mbele mauti nyuma. Mfalme anaenda g6, unakula ngome, yeye anakula askari wa f7, basi, sare. Hata akipitia h6 ni yaleyale: unakula ngome, anaingia g7, na hapo askari umsogeze au umwache, analiwa tu.

Jibu ni farasi f4, cheki. Ona anavyofanya kazi: ni cheki, kwa hiyo ngome haina muda wa kula f7, halafu kasimama katikati ya mstari wa f kama ukuta, ngome haimuoni tena askari, na juu ya hayo anaikaba g6, ile njia fupi ya mfalme. Na mwenyewe analindwa na mfalme wako wa e3.

Ngome ikimla farasi, ile na mfalme. Mweusi akienda g6 kachelewa, f8 malkia. Mfalme akienda h6 malkia anatokea na cheki, akienda h4 pandisha tu, hakuna shida.

Pa kukaa macho ni g4 na g5, maana hapo mfalme wake anamgusa farasi, kwa hiyo farasi anatishiwa na wawili. Usiogope, pandisha malkia, naye toka f8 anamlinda farasi kwa juu. Ngome ikila f4, rudisha na malkia (mfalme wako haruhusiwi, ngome inalindwa na mwenzie). Akili zaidi kwake ni ngome e1, cheki. Wengi hapa wanaenda d2 kwa sababu wanaigusa ngome, lakini kama mfalme mweusi yuko g4 ngome inarudi f1 na farasi kakwama: akitoka malkia analiwa, ukirudi e3 unapewa cheki tena, itabidi umwache farasi uanze cheki za malkia ndo ushinde. Nenda f2. Ngome bado inatishiwa na wewe na f1 hairudi tena. Ikikimbilia e4 kumbana farasi, mtoe mpaka g2, una malkia na farasi dhidi ya ngome, hiyo unamaliza.

Tabia moja ya kujizoesha: kabla hujaweka malkia angalia kama mfalme wa mwenzako atabaki na pa kukanyaga. Kuna fumbo la 1895 lililobeba jina la Saavedra, padri Mhispania aliyekuwa Glasgow, mweupe ana mfalme b6 na askari c6, mweusi ana mfalme a1 na ngome d5, na mwishoni askari akifika c8 ukichukua malkia ngome inajitoa kafara c4, ukiila mfalme hana cheki wala pa kwenda, sare. Askari ukimgeuza ngome badala ya malkia unashinda. Kwenye fumbo letu mtego huo haupo, ila kuangalia hakugharimu kitu.

Ukitaka kujua kama umeelewa kweli, rudi mwanzo, mtoe mfalme mweupe e3 umweke d2, vingine viache vilivyo. Sasa farasi f4 ni kujimaliza, ngome inamla bure, hakuna wa kuirudishia, na askari anafuata. Na ile cheki ya g3 niliyoiponda hapo juu ndo inakuokolea nusu pointi, yani sare.