Kuchangisha hospisi kwa jina la marehemu: tulivyofanya Wete

Mama alifia kitandani kwake, hapa Wete, Pemba, baada ya miezi saba ya saratani ya matiti. Nesi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, alikuwa akija kila Jumanne na vespa yake. Yeye ndiye aliyesaga vidonge vya metronidazole akavinyunyiza kwenye kidonda, na ile harufu iliyokuwa ikimfanya mama akatae wageni ikapungua katika siku chache. Baada ya matanga tukaafikiana tumtolee mama sadaka kwa kuichangia huduma hiyo. Tangu hapo nimeshika daftari la michango la familia nyingine mbili.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hospisi ni huduma ya kumtunza mgonjwa anayekaribia mwisho wake, lakini ukiitaja, watu hufikiria jengo. Ile aliyoifungua Cicely Saunders London mwaka 1967, St Christopher's, kweli ilikuwa na vitanda vyake. Lakini Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, ilijengwa zaidi juu ya kumfuata mgonjwa nyumbani. Kwetu Pemba mgonjwa anataka kuwa kwake, kati ya jamaa zake, kwa hiyo unachokichangia hasa ni nesi kufika mlangoni.

Hatua ya 1: Lipa madeni ya marehemu

Kabla hujatangaza chochote, kaeni warithi mjue marehemu anadaiwa nini. Gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mirathi. Ukianza kukusanya pesa kwa jina lake na huku mwenye duka anadai unga wa mwaka jana, maneno yatatoka dukani kwake, si kwako. Na kama kuna mayatima, fungu lao lisiguswe hata kwa jambo la kheri.

Hatua ya 2: Kaulize kinachokosekana

Hapa ndipo wengi hukosea, na sisi tulikosea. Kaka yangu alitaka tununue kitanda cha hospitali, kibandikwe kibati chenye jina la mama. Tulikuwa tumeshauliza bei. Nilipomwambia nesi akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, mgonjwa wangu analala chumba cha futi nane. Kitanda hicho kitapita wapi? Mie sina mafuta ya kufika Konde."

Tukakaa naye kibarazani akatutajia: mafuta ya vespa, glavu, bandeji, nepi za watu wazima, mipira ya kutandika kitandani, magodoro ya hewa kwa wasioweza kujigeuza, kiti cha choo. Vitu vya kawaida kabisa, na hakuna hata kimoja cha kubandika kibati.

Msichange kwa ajili ya kununua mofini. Ile ya maji, ya kunywa, ndiyo inayotuliza maumivu makali, lakini ni dawa inayodhibitiwa kisheria na ina njia yake ya kupita. Ukitaka kusaidia upande huo, lipia safari ya mtu anayeifuata.

Orodha ikishatimia, ipelekeni kwa daktari dhamana wa wilaya au kwa uongozi wa jumuiya inayotoa huduma, mpate barua ya kukubali. Barua hiyo hiyo mwonyesheni sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwenu.

Hatua ya 3: Watu watatu, laini moja

Mara ya kwanza pesa ziliingia kwenye simu ya binamu yetu. Hakuiba. Ila zilichanganyika na za biashara yake ya samaki, na usiku wa kufunga hesabu tulikesha tukisoma meseji moja moja: hii mchango, hii ya samaki. Siku hizi tunasajili laini mpya kwa jina la mmoja, namba ya siri anaijua wa pili, daftari analo wa tatu. Makato ya kutolea pesa yaandikwe pia.

Hatua ya 4: Maneno na msimu

Ujumbe uwe mfupi, utaje kitu na mwisho wake. Wetu ulikuwa hivi:

*Assalaamu alaykum. Sisi watoto wa marehemu tunamtolea mama yetu sadaka: mafuta ya vespa ya nesi wa wagonjwa wa majumbani kwa miezi sita, na magodoro mawili ya hewa. Namba ni hii, jina litakalotokea ni hili. Anayetoa zaka atuambie, tutaiweka mbali. Tunafunga michango Ijumaa ya tarehe 20.*

Hilo la jina litakalotokea msilisahau, khasa kwa jamaa walioko Muscat na London. Akiona jina asilolijua anasita. Zaka tuliitenga ikanunua nepi za wagonjwa mafakiri, mafuta yakatoka kwenye sadaka. Shehe wetu ndivyo alivyotuelekeza. Nyinyi muulizeni wenu.

Msichangishe matangani. Watu watatoa, ndiyo, lakini kwa haya. Ramadhani nayo mikono yote iko kwenye futari. Pemba pesa hutoka msimu wa karafuu, na wengine watakuletea karafuu zenyewe. Mzee mmoja alikuja na pishi mbili ndani ya mfuko wa sukari, kavu, zimechambuliwa vikonyo vyote, akaniambia mama alimfundisha mwanawe juzuu. Tukazipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikapimwa pamoja na za kaka. Msiuze pembeni kwa bei nzuri; hayo ni magendo, na sadaka ya magendo sijui ni sadaka gani.

Hatua ya 5: Kukabidhi na hesabu

Andikeni hati ya makabidhiano, nakala mbili, kila kitu na idadi yake. Mafuta tuliyalipia kituoni kwa daftari, nesi akija anatia saini. Picha pigeni vitu, wagonjwa waacheni.

Hesabu tuliibandika ukutani msikitini na kuituma kwenye grupu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Zilibaki shilingi 4,500. Mdogo wangu akasema tuzitie kibubu cha msikiti, lakini zilichangwa kwa ajili ya wagonjwa, kwa hiyo tukamnunulia nesi betri za tochi, risiti ikabandikwa chini ya hesabu.