Siku nzima baharini na familia: mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda meli Galveston

Familia zetu za Waswahili wa Houston, Dallas na Austin, Texas, zinapopanga likizo ya meli, mazungumzo yote huwa ya bandari. Cozumel kule Mexico tutashuka na kufanya nini, Roatán kule Honduras tutaogelea wapi, teksi ya kule ni kiasi gani. Siku ya baharini haimshughulishi mtu, kwa sababu inaonekana ni siku ya kukaa tu. Lakini ukipanda Galveston, bandari ya Texas, siku yako ya kwanza kamili kwa kawaida ni ya baharini. Meli inang'oa nanga alasiri, na ukiamka kesho yake Ghuba ya Mexico imekuzunguka pande zote. Duka la dawa hakuna, simu haishiki, na ulichosahau nyumbani kimesahaulika. Duka la melini limejaa saa, manukato na fulana za ukumbusho. Siku hiyo inaandaliwa nchi kavu, tena mapema.

Karatasi nitazitaja kwa ufupi. Raia wa Marekani anayepanda meli inayoondoka na kurudi bandari ileile ya Marekani anaruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha, ingawa pasipoti ni salama zaidi ukikwama nchi ya watu. Mwenye ukaazi wa kudumu abebe kadi yake na pasipoti ya nchi yake. Mexico haimdai viza mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, lakini nchi nyingine za njiani zina sheria zao, kwa hiyo uliza kuhusu kila bandari kwa jina lake. Anayesafiri kwa hati ya mkimbizi, au kwa viza ya kuingia Marekani mara moja tu, apate jibu la maandishi kabla ya kulipa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na bibi na babu, awe na barua ya ridhaa iliyogongwa muhuri wa mthibitishaji. Mjamzito ajue kwamba kampuni nyingi hazimpokei akishafikisha wiki 24 wakati wowote wa safari, na mtoto mchanga lazima awe ametimiza miezi 6, au miezi 12 kwa safari zenye siku nyingi za baharini mfululizo.

Sasa dawa, na hapa tukae kidogo. Melini kuna zahanati yenye daktari na wauguzi, ila kumwona daktari kunalipiwa, bili inaingia kwenye akaunti ya chumba chako, na bima nyingi za afya za Marekani haziitambui. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, usiitegemee kabisa huko. Ndiyo maana bima ya safari yenye kipengele cha kusafirisha mgonjwa si mapambo. Meli ikiwa katikati ya Ghuba, kumtoa mgonjwa ni kazi ya helikopta, kama hali ya hewa na umbali vinaruhusu, na gharama yake hutaki kuisikia ukiwa huna bima. Dawa za kila siku za wazee, yaani za presha, sukari na pumu, zikae kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku mnayokabidhi bandarini huweza kufika chumbani jioni, na insulini haisubiri jioni. Weka dozi za siku kadhaa za ziada, kwa sababu ukungu wa Galveston miezi ya baridi huweza kufunga mlango wa bandari na kuwaacha mkielea nje. Kwa mtoto beba dawa ya maji ya kushusha homa, kipimajoto, na chumvi za kurudisha maji mwilini. Jambo moja linatuhusu sisi hasa. Kama mlirudi kutoka Kisumu, Mwanza au Bukavu wiki au miezi michache iliyopita na mtu akashikwa na homa melini, mwambieni daktari hivyo siku hiyohiyo, kabla hajauliza. Daktari aliyezoea wagonjwa wa mafua na vidonda vya jua huenda asifikirie malaria hata kidogo.

Aliyewahi kuvuka kutoka Dar kwenda Unguja wakati bahari imechafuka anajua ile mifuko ya plastiki inayogawiwa. Meli kubwa ya kitalii haichezi namna ile. Ina mapezi ya chuma chini ya maji yanayopunguza kuyumba, na mara nyingi utasahau kwamba inatembea. Hata hivyo Ghuba ina siku zake. Kuanzia Novemba hadi Machi, pepo za baridi kutoka kaskazini huteremka Texas kwa ghafla na kuamsha mawimbi usiku ule ule mnaoondoka. Mwenye tabia ya kuchafukwa na roho ajue mambo mawili. Kwanza, chumba cha katikati ya meli na sitaha za chini hutikisika kidogo kuliko chumba cha omo, yaani cha mbele, au cha juu kabisa, kwa hiyo tofauti ya bei ya vyumba uiangalie na jicho hilo. Pili, vidonge kama meclizine na dimenhydrinate hufanya kazi vizuri vikimezwa kabla. Ukingoja tumbo lianze kupinduka umechelewa. Vinaleta usingizi, na si kila kimoja kinamfaa mtoto, mzee au mjamzito, basi mfamasia aulizwe nyumbani. Tangawizi ya kutafuna inasaidia wengi. Mtoto akilalamika, mtoeni nje atazame upeo wa bahari, na simu mumnyang'anye.

Pepo hizohizo ndizo zinazoharibu ndoto ya bwawa. Watu wanapanda Januari na nguo za kuogelea tu, halafu siku ya kwanza baharini sitaha ina upepo wa kukata masikio. Koti jepesi na soksi kwa kila mtoto havichukui nafasi. Kiangazi shida ni kinyume chake: upepo wa meli unaficha ukali wa jua, na mtu anashtukia jioni mabega yanawaka. Rangi yetu haituokoi. Mafuta ya kukinga jua ya kiwango cha 30 kwenda juu, yapakwe tena kila baada ya saa 2. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki unaanza Juni 1 hadi Novemba 30, na nahodha ana haki ya kukwepa bandari. Yaani siku moja ya baharini huweza kugeuka mbili bila wewe kuombwa ruhusa. Vitabu, karata na kete za ziada ni bima ya bei rahisi.

Watoto walio kwenye nepi hawaruhusiwi kuingia mabwawa ya kawaida ya melini, hata wakiwa na nepi za kuogelea. Ni kanuni ya usafi wa maji, na mhudumu hataibadilisha kwa sababu mwanao amelia. Baadhi ya meli zina sehemu ndogo ya maji ya kurukaruka kwa ajili yao, kwa hiyo tafuta hilo kabla ya kuchagua meli. Mitelezo ya maji haipokei mtoto ambaye hajafikia kimo fulani. Pima mtoto nyumbani ukutani, mwambie mapema, umwokoe na aibu ya kurudishwa kutoka ngazini mbele ya wenzake. Tena usidhani kila bwawa lina mwokoaji. Meli nyingine zinao, nyingine zimebandika tangazo tu. Kitu bora ni zamu: saa hii anayetazama maji ni baba, simu iko mfukoni, saa inayofuata ni shangazi. Familia kubwa ya watu 12 bila zamu ni familia ambayo kila mtu anadhani mwenzake anamwona mtoto.

Klabu ya watoto kwa kawaida inapokea kuanzia miaka 3, na mtoto awe ameacha nepi. Siku ya baharini kila mzazi anakumbuka klabu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kamilisha usajili siku ya kupanda, au kwenye programu ya simu kabla ya hapo. Chagueni mahali pa kukutana mtu akipotea, na mtoto akariri namba ya sitaha na ya chumba. Korido zinafanana mwanzo hadi mwisho, milango mia inafuatana rangi moja. Milango hiyo ni ya chuma, hivyo sumaku yenye picha ya twiga inashika vizuri na mtoto wa miaka 5 anaufahamu mlango wake akiwa mbali. Mlango wa roshani ni habari nyingine. Ni mzito, na upepo ukiingia unaufunga kwa kishindo cha kukata kidole. Viti vya roshani vikae mbali na reli, na mtoto asibaki pale peke yake hata dakika moja. Kwa bibi, kizingiti cha bafu ndicho cha kuangalia. Kimeinuka kidogo, na usiku chumba kisicho na dirisha ni giza totoro. Taa ndogo ya betri inamtosha.

Zoezi la dharura hufanyika siku ya kupanda. Wengi wanaliona ni usumbufu unaowachelewesha kwenda kula. Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, saa chache baada ya kuondoka Civitavecchia, na watu 32 walikufa. Mamia waliopandia bandari hiyo walikuwa hawajafanya zoezi, maana kanuni ya wakati huo ilitoa nafasi ya saa 24. Tangu Januari 1, 2015 kanuni za kimataifa zinadai lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Siku hizi mara nyingi unatazama video kwenye simu halafu unakwenda kuonyesha kadi yako kwenye kituo chenu cha kukusanyikia wakati wa dharura. Nendeni na watoto wote kwa miguu. Wasikilize alama: honi fupi 7, kisha moja ndefu. Ulizeni jambo ambalo video huwa inalipita: mtoto akiwa klabuni wakati honi inalia, nani anamleta kituoni?

Simu iwekwe kwenye hali ya ndege kabla meli haijaiacha pwani, la sivyo itashika mtandao wa setilaiti wa melini na bili itakufuata nyumbani. Kifurushi cha intaneti mara nyingi ni nafuu kikinunuliwa kabla ya safari. Waambie mapema watu wa nyumbani, hasa mama aliyeko Tanga anayepiga kila asubuhi, kwamba siku fulani hutapatikana. Vinginevyo kutapigwa simu kwa ukoo mzima. Katuni za watoto zipakuliwe nyumbani. Majira ya baridi Cozumel iko mbele ya Galveston kwa saa moja na kiangazi zinalingana, kwa hiyo fuata saa inayotangazwa melini, simu inaweza kukudanganya.

Kwa Waislamu, chakula cha halali kiombwe kwa maandishi wiki kadhaa kabla, kisha usiku wa kwanza mtafute mhudumu mkuu wa mkahawa wenu. Kwa kawaida atawaletea menyu ya kesho mchague, na hiyo ndiyo njia salama zaidi siku ya baharini, kwani kwenye meza za kujipakulia koleo moja huzunguka sahani zote, ya bekoni na ya mayai. Kibla isiwatie wasiwasi. Kutoka Ghuba ya Mexico iko kaskazini-mashariki, na meli ikienda Cozumel inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo mkitazama mbele ya meli kibla iko takriban kushoto kwenu, mkirudi, kulia. Dira ya simu huyumba ndani ya chuma kingi. Chaneli ya ramani kwenye televisheni ya chumba inaonyesha mwelekeo wa meli kila wakati.

Mkoba wa vitu vilivyokatazwa unanichekesha kila safari. Sanduku linapita kwenye mashine, halifiki chumbani, na unaitwa sitaha ya chini, kwenye meza ndefu iliyojaa pasi, mabirika ya umeme na nyaya za kuongezea soketi. Ukikuta chetezo, ubani na kipande cha mkaa wa kuwashia, jua kuna Mswahili kwenye foleni. Moto melini ndiyo hofu ya kwanza ya kila baharia, na hoja ya kwamba bibi hawezi kulala bila ubani haisikilizwi. Vitu vinabaki kwao hadi siku ya kushuka. Pasi ikikosekana, usiku wa kuvaa rasmi, ambao mara nyingi huangukia siku hiihii ya kwanza baharini, utawakuta na kanzu zenye makunyanzi. Nguo zikunjwe kwa kuviringishwa, au chagueni dera na kitenge kisichokunjamana. Kanga beba zaidi ya unavyodhani: ya kujifunika ukitoka bwawani, ya kumlaza mtoto kwenye kiti cha sitaha, ya kuswalia.

Pesa taslimu kwa kawaida haitumiki melini; karibu kila kitu kinakwenda kwenye kadi ya chumba. Kadi za watoto zifungwe matumizi siku ya kwanza, kabla hawajagundua chumba cha michezo ya mashine. Bakshishi inakatwa kwa kila mtu kwa kila siku, mara nyingi watoto wakiwemo, basi piga hesabu ya familia nzima kabla ya kusema safari ni rahisi. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mnapoingia kula. Jeli ya pombe haiwezi vizuri virusi vya norovirus, vinavyopenda mahali ambapo maelfu wanakula pamoja.

Safari nyingi za Galveston humalizika pia kwa siku ya baharini. Jioni yake masanduku huwekwa nje ya mlango na kuchukuliwa, na asubuhi mnashuka na mlivyobaki navyo. Acheni ndani nguo za asubuhi za kila mtu, viatu vikiwemo, dawa, na zile karatasi. Matunda mliyochukua mezani myale usiku huohuo, maana mbwa wa forodha wanayanusa na kuyatangaza mbele ya foleni nzima.