Upo mwaka wa tatu udaktari na unahisi mgonjwa hakuoni kabisa? Fanya hivi

Kama ndo umeanza kuingia wodini najua unachopitia. Unabeba mafaili, unapeleka sampo maabara, kwenye raundi, madaktari wakipita kitanda kwa kitanda, unaulizwa maswali mbele ya mgonjwa mpaka jasho linakutoka, jioni unarudi hosteli hujui kama kuna mtu hata mmoja umemsaidia leo. Na kozi ni miaka 5 halafu intani (mafunzo ya kazi hospitalini) mwaka 1, yaani ni safari ndefu mno kwenda bila kusikia asante ya kutoka moyoni. Ila asante zipo, mimi nimezipata nikiwa hata kuweka kanula, kale kampira ka dripu mkononi, bado nahangaika.

Anza na salamu. Mzee mpe shikamoo yake, mwite baba au bibi, sio "kitanda namba 12", mwambie wewe ni mwanafunzi wa udaktari halafu omba ruhusa ya kuongea nae. Wengine wanaficha uanafunzi, wanaona koti jeupe linatosha, tafadhali usifanye hivyo, siku akigundua hakuamini tena. Akikataa usimpime, mwambie sawa mama, ugua pole, kesho utapita tena kumsalimia. Na kesho upite kweli.

Ukikubaliwa vuta kiti ukae. Hapa ndo penye siri yote mana daktari bingwa ana wodi nzima na kliniki inamsubiri, wewe una muda. Nilikuwa na mama mmoja wa presha aliyelazwa imepanda vibaya, kwenye faili kumeandikwa tu kwamba hatumii dawa. Nikakaa, tukaongelea shamba, wajukuu, mara akavuta kanga akanionyesha vifundo vya miguu akasema "mwanangu hivi vidonge vilinivimbisha miguu, nikaogopa nikaacha". Alikuwa anatumia amlodipini, na kuvimba miguu ni kitu kinachojulikana kabisa kwa hiyo dawa, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza kwanini ameacha. Nikamwambia rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, mama akabadilishiwa dawa. Siku anaruhusiwa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema "wewe ndo ulinisikiliza". Mpaka leo nikichoka nakumbuka ile mikono.

Kingine, na hiki nakisisitiza sana, rudi kwa mgonjwa baada ya raundi. Raundi zetu ni Kiingereza mwanzo mwisho, mgonjwa amelala pale katikati ya watu kumi anasikia jina lake tu, anaona vichwa vinatikisika, anabaki kuwaza labda nakufa. Mfate umwambie kwa Kiswahili cha kawaida kwamba leo utachukuliwa damu, kesho utapigwa picha ya kifua, dripu hii ni ya nini. Kisha muulize amekuelewaje, akuelezee yeye. Lakini majibu makubwa kama kansa sio yako kuyatoa, na kama hujui kitu usibuni, sema "ngoja nimuulize daktari nije nikwambie" alafu uje kweli hata kama jibu bado, kuja mikono mitupu ni afadhali kuliko kupotea.

Wapo ambao hawatakushukuru, mtu ana maumivu, hajalala, bili inamsubiri, usimdai. Na wapo ndugu watakaokushukuru mgonjwa wao akiwa ameshafariki, hapo usikimbie kujificha, simama nao, sema poleni sana, wasaidie kukusanya vitu vyake.

Zawadi je? Hela usipokee hata ya soda, sema asante baba, itunze ikusaidie nauli ya kurudi kliniki. Ila bibi akikuletea mkungu wa ndizi toka kwake na ukaona kukataa kutamuumiza, muulize sista incharji (nesi mkuu wa wodi) kwanza, akiruhusu pokea kwa mikono miwili mbele ya watu, peleka ofisi ya manesi mle wote, halafu rudi umwambie bibi zilikuwa tamu.