Mume na Mke Mnapokwenda Likizo Ulaya: Jinsi ya Kujipanga Kuanzia Mezani Hadi Mpakani

Kila mwaka ukianza, ofisini kwetu Dar es Salaam, tunakopanga safari, huanza kuja wanandoa wanaotaka kwenda kupumzika Ulaya katikati ya mwaka. Mara nyingi anakuja baba peke yake na bahasha ya kaki yenye pasipoti mbili. Nikimuuliza mama angependa kuona nini huko, hunijibu, "Nitamwambia tukishapata viza." Hapo humwomba aende, arudi naye.

Sifanyi hivyo kwa adabu tu. Safari hii, hata mkiwa mmeoana miaka thelathini, inawahesabu kuwa watu wawili. Kila mmoja ana fomu yake na sahihi yake, anachukuliwa alama zake za vidole, na mpakani kila mmoja huulizwa maswali yake. Nimeona wengi wakikwama kwa sababu mmoja alijua kila kitu na mwenzake hakujua hata jina la hoteli. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili yenu nyote wawili, kwa hiyo usomeni pamoja.

Nitatumia kama mfano safari moja ninayoipanga sana: siku sita Paris, kisha treni hadi Amsterdam siku nne, mkipitia Doha kwenda na kurudi.

Hatua ya 1: Kaeni mezani na kalenda

Kubalianeni mambo matatu: mwezi, pesa, na nchi. Nchi mbili kwa siku kumi zinatosha kabisa. Wanaotaka tano hurudi wamechoka, na picha zao nyingi ni za stesheni.

Katika mwezi, fikirieni pia jua. Juni pale Paris jua linazama karibu saa nne usiku, Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa anayeswali, Magharibi ya Juni ni usiku tayari kwa saa zetu za kula na kulala, na Isha iko mbali zaidi. Afadhali mjue mapema mpange siku yenu. Julai na Agosti tiketi hupanda na miji hujaa, kwa hiyo mimi huwapendekezea Mei au Septemba.

Viza moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, inawaingiza nchi 29. Uingereza na Ireland hazimo. Maombi yanapelekwa kwenye nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, yanakwenda kwa ile mtakayoingia kwanza. Katika mfano wetu ni Ufaransa kwa vyovyote. Msikimbilie ubalozi fulani kwa kuwa mmesikia "wanatoa haraka", halafu siku zenu nyingi ziko kwingine. Maafisa wanasoma ratiba.

Hatua ya 2: Pasipoti na majina

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Mimi husisitiza miezi sita, maana safari ikisogea hamtataka kurudi Uhamiaji kwa haraka.

Wake wengi wana pasipoti zenye jina la baba zao. Hakuna tatizo. Msibadilishe chochote kwa ajili ya likizo. Tiketi, bima na hoteli ziandikwe jina lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na cheti cha ndoa kionyeshe kwamba nyinyi ni mume na mke. Kama mlifunga ndoa ya Kiislamu na mna hati ya shehe tu, anzeni mapema kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili huhitaji tafsiri, na kazi hiyo inafanyika BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ikiwa na muhuri wao.

Hatua ya 3: Faili mbili zinazosema jambo moja

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Nunueni mafaili mawili, moja la kila mtu, hata kama karatasi nyingi zinafanana.

Ndani ya kila faili kuwe na fomu, picha, nakala ya pasipoti, cheti cha ndoa na tafsiri yake, nafasi ya ndege iliyoshikwa, hoteli za siku zote, ratiba ya siku kwa siku, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 inayofanya kazi nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari. Tiketi msiilipie moja kwa moja kabla ya viza. Shikeni nafasi tu, na hoteli zichagueni zile zinazoruhusu kughairi bila kukatwa.

Kisha pesa. Taarifa ya benki ya miezi mitatu hadi sita, yenye muhuri. Anayeisoma anataka kuona maisha yenu: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, ada za watoto zinatoka. Kuazima milioni kumi kwa shemeji na kuziingiza wiki moja kabla kunaonekana waziwazi, na swali linalofuata ni zimetoka wapi. Kama kweli mmeuza kiwanja, wekeni mkataba wa mauzo, na jambo litakuwa limejieleza. Ufaransa hutazama angalau euro 65 kwa siku kwa kila mtu mwenye hoteli iliyothibitishwa. Hicho ni kiwango cha chini, kwa hiyo msikifikie kwa shilingi ya mwisho.

Aliyeajiriwa aweke barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, na tarehe za likizo aliyoruhusiwa. Mwenye biashara aweke leseni, TIN, na karatasi za kodi. Na hapa nawasihi akina baba: kama mkeo anauza vitenge Kariakoo, usimwandike "mama wa nyumbani" kwa kuwa wewe ndiye unayelipa safari. Weka leseni yake na taarifa ya akaunti yake. Biashara yake ni sababu ya kurudi nyumbani, na afisa anatafuta sababu hizo hasa. Kama kweli hana kipato, basi andika barua fupi kwamba unamgharimia mkeo, ambatisha cheti cha ndoa na taarifa yako ya benki.

Mkimaliza, badilishaneni mafaili. Mke asome la mume, mume asome la mke. Mwaka mmoja nilipokea wanandoa waliojaza fomu wenyewe nyumbani, kila mmoja kwenye simu yake. Ya baba ilisema siku kumi hotelini. Ya mama ilisema siku kumi na nne, nne zikiwa kwa binamu yake. Wote walisema kweli, maana kwa binamu walipazungumzia kitandani na hawakuwahi kuamua. Tulikaa ofisini karibu hadi saa tatu usiku tukiandika upya, na kwa bahati nzuri fomu zilikuwa hazijatoka mikononi mwetu.

Hatua ya 4: Kupeleka maombi

Mnaruhusiwa kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Mimi hupeleka miezi miwili hadi mitatu kabla, kwa kuwa miadi hujaa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Jibu la kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila linaweza kufika 45. Alama za vidole mkishatoa zinatunzwa miezi 59, kwa hiyo aliyekwenda miaka miwili iliyopita huenda asiombwe tena.

Pasipoti zikirudi, fungueni palepale kaunta. Someni tarehe za kuanza na kuisha, idadi ya siku, na idadi ya kuingia. Palipoandikwa 01 maana yake mnaingia mara moja tu: mkitoka Paris kwenda London kumsalimia dada, hamrudi Amsterdam. MULT ni kuingia mara nyingi. Linganisheni stika mbili, kwa sababu hutokea mume akapewa siku nyingi kuliko mke.

Hatua ya 5: Soma saa ya tiketi kwa Kiswahili

Tiketi huandikwa kwa saa 24, na tarehe hubadilika saa sita usiku. Sisi tumezoea usiku mmoja ni usiku mmoja. Kwa wazee wa pwani ndiyo kabisa, usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa.

Wanandoa wawili wastaafu kutoka Tanga walikuwa na tiketi ya tarehe 12, saa 00:30. Walifika uwanjani tarehe 12 saa tatu na nusu usiku, wamevaa vizuri, na wajukuu wamewasindikiza. Ndege yao ilikuwa imeruka usiku uliotangulia. Simu ya yule mama siisahau. Hakunilaumu, aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa tunafanyaje?" Tulilipa gharama ya kubadilisha, wakaondoka siku mbili baadaye, na tangu hapo siachi mtu atoke ofisini bila karatasi iliyoandikwa kwa mkono: *Muwe uwanjani tarehe 11, saa tatu na nusu usiku. Ndege inaruka nusu saa baada ya saa sita usiku huohuo.* Fanyeni hivyo nyumbani, mbandike kwenye friji.

Ulaya ya kati iko nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Mwili hautasumbuka sana.

Hatua ya 6: Mabegi

Changanyeni nguo. Nusu ya nguo za baba ziende kwenye begi la mama, na za mama kwenye la baba. Begi moja likichelewa, hakuna atakayebaki na aliyovaa tu.

Makoti msinunue dukani kwa bei ya kuumiza. Nendeni Karume asubuhi, kwenye mitumba, mchague koti lisilopitisha upepo. Kagueni zipu kwa kuivuta juu na chini mara tatu, na mtazame bitana kwapani, ndipo panapoanza kuchanika. Chini yake vaeni nguo nyembamba mbili tatu badala ya sweta moja nzito.

Dawa za presha na sukari ziende kwenye mzigo wa mkononi, ndani ya boksi zake, pamoja na cheti cha daktari. Pawa benki pia ni ya mkononi, hairuhusiwi kwenye begi kubwa. Vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kila chupa. Bebeni plagi ya kubadilishia, soketi za Ufaransa na Uholanzi zina matundu mawili ya mviringo.

Vyakula ndipo akina mama wanapoumia. Nyama, maziwa na vyote vinavyotokana navyo haviingii Umoja wa Ulaya: sambusa za nyama, samli, nyama ya kukausha, viacheni. Embe linahitaji cheti cha ukaguzi wa mimea. Lakini nazi, ndizi, nanasi, tende na doriani vinaingia bila cheti hicho. Mwenye binamu Amsterdam ampelekee nazi, atafurahi kuliko zawadi ya dukani.

Hatua ya 7: Siku ya kuondoka

Fikeni uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka. Kila mmoja ashike pasipoti yake mwenyewe, kwenye pochi yake mwenyewe. Kwenye kaunta tazameni kikaratasi kinachofungwa kwenye begi: herufi za mwisho wa safari ziwe CDG, uwanja wa Charles de Gaulle. Hapo mtajua mabegi hamtayachukua Doha.

Hadi Doha ni takriban saa sita, na kutoka hapo hadi Paris kama saba. Kunyweni maji, simameni mtembee kila baada ya muda, hasa mwenye miguu inayovimba. Kanga moja mkononi inafunika miguu, inakuwa mto, na kwa anayeswali inakuwa ya kujistiri.

Hatua ya 8: Mpakani

Kabla ya kutua, kila mmoja awe na karatasi yake yenye jina na anwani ya hoteli, tarehe ya kurudi, na nakala ya bima. Ya kwenye simu ya mume haimsaidii mke akiitwa kaunta nyingine. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo mpya wa kusajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole, kwa hiyo mstari unaweza kwenda polepole. Maswali ni mafupi: mnakwenda wapi, siku ngapi, mnakaa wapi. Jibuni hayo hayo, kwa Kiingereza cha polepole. Aliyeulizwa ndiye ajibu.

Yule mama wa Tanga alitenganishwa na mumewe palepale Paris, mzee akapelekwa dirisha la mbali. Alinisimulia baadaye kwamba alifungua pochi, akatoa karatasi yake, akaielekeza kidole kwenye jina la hoteli, akasema, "Six nights. Then train." Alipita kabla ya mumewe, akamngojea upande wa pili.

Mkishachukua mabegi, msimfuate mtu anayewaita "teksi, teksi" ndani ya jengo. Fuateni vibao hadi kwenye foleni rasmi nje. Bei ya kutoka uwanjani hadi mjini imepangwa, inategemea tu mnakaa upande gani wa Mto Seine. Vyumba vingi hufunguliwa alasiri, na ndege yenu huenda ikafika mapema. Acheni mabegi mapokezi, naweni uso, mtoke mkatembee kando ya mto hadi chumba kiwe tayari.