Pima Korongo Kabla ya Kuliziba, Ndipo Uombe Fedha za Umma

Vikundi vingi vya wakulima vinavyotafuta fedha za jimbo nchini Marekani kwa ajili ya kuhifadhi ardhi na maji hurudia kosa lile lile: huziba korongo na kupanda nyasi kandokando ya kijito, kisha kamati ya bajeti inapouliza hali ilikuwaje hapo awali, hakuna mwenye kipimo hata kimoja. Picha ya korongo lililokwisha kuzibwa humwonyesha mlipakodi majani tu. Udongo uliopotea hupimika kabla ya kazi kuanza. Baada ya hapo, nafasi imekwisha.

Gharama ya kosa hili huonekana ukitazama jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 1984 wapiga kura wake waliidhinisha kodi ya mauzo ya sehemu moja ya kumi ya asilimia 1, ambayo nusu yake huenda kwenye mbuga za mapumziko za jimbo na nusu kwenye kuhifadhi udongo na maji. Kodi hiyo ina kikomo cha muda, kwa hiyo wananchi waliipigia kura upya mwaka 1988, 1996, 2006 na 2016, na katika kura ya 2016 takriban asilimia 80 waliikubali. Wengi wa wanaoilipa hawana shamba. Mtu wa namna hiyo hawezi kuombwa fedha kila baada ya miaka kumi hivi bila kuonyeshwa alichonunua.

Korongo lipimwe wakati wa ukavu, kabla jembe au tingatinga halijaligusa. Kila baada ya mita 5 andika upana wa juu, upana wa chini na kina, ukitumia futikamba na si hatua za miguu, maana nimeona daftari ambalo korongo moja lina urefu wa aina mbili kwa sababu waliolipima walikuwa wawili. Wastani wa upana uzidishwe kwa wastani wa kina, kisha kwa urefu. Upana wa mita 1.2, kina cha mita 0.8 na urefu wa mita 20 hutoa mita za ujazo 19.2; kwa udongo wa tani 1.3 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 25 hivi, yaani malori matatu ya tani 8 na ziada kidogo. Malori matatu mwananchi anayaelewa. Hata hivyo, hiyo ni hasara ya tangu korongo lilipoanza. Ukiandika kwamba ni ya mwaka mmoja umedanganya umma, hata kama hukukusudia, na mhandisi wa jimbo ataligundua hilo mara moja. Kiwango cha mwaka hupatikana kwa kupima tena baada ya msimu mzima wa mvua.

Kwenye mteremko usio na korongo, pigilia vipande vya nondo nyembamba vya sentimita 30, ukiacha sentimita 10 juu ya ardhi, mbali na njia ya mifugo, na usome urefu unaoonekana juu ya ardhi kwa rula yenye milimita; ukiongezeka, udongo umeondoka. Milimita 1 tu ikiondoka kwenye hekta nzima ni mita za ujazo 10, au tani 13 hivi. Vilevile acha sehemu inayofanana na hiyo bila kuitengeneza, la sivyo mwaka wa mvua haba utauhesabu kuwa mafanikio yako.

Nyasi zikishika na maji ya kijito yakipungua tope baada ya mvua, hiyo ni dalili tu kwamba kazi inakwenda vizuri; ushahidi ni vipimo.

Katika majimbo mengi ya Marekani mwaka wa fedha huanza Julai 1, na idara huandaa maombi yake ya bajeti tangu majira ya vuli ya huko (Septemba hadi Novemba) yaliyotangulia. Takwimu zinazofika Mei zimechelewa. Zifikishwe kabla ya Septemba kwisha. Aidha, kabla ya kuwahamasisha majirani wapige kura, someni fedha zitatoka wapi. Mwaka 2010 wapiga kura wa jimbo la Iowa waliunda mfuko wa maliasili kwa takriban asilimia 63 ya kura, lakini mapato yake yalifungamanishwa na ongezeko la kodi ya mauzo ambalo lilikuwa bado halijapitishwa, na mfuko ukabaki mtupu kwa miaka mingi.