Mgonjwa akiletwa amefungwa kamba

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Haya nawaandikia wauguzi na matabibu wenzangu mnaobaki zamu ya usiku bila daktari bingwa.

Mgonjwa wa skizofrenia au baipola akichachamaa, huku kwetu huletwa kwenye guta, mikono imefungwa mgongoni, na nyuma yake wanaume sita wanaohema. Anza na hao wanaume: watoe nje. Abaki ndugu mmoja ambaye mgonjwa humsikiliza, mara nyingi mama au dada yake. Mlinzi akae karibu, rungu aliache.

Kisha msalimie. Kama amekuzidi umri, mpe shikamoo yake hata kama anatukana. Nimewahi kuitikiwa marahaba na mzee aliyekuwa ameshika tofali, na tofali likashuka. Simama umbali wa mikono miwili, kwa ubavu kidogo, viganja vyako vionekane, na mlango usizibwe na yeyote kati yenu. Aongee mhudumu mmoja tu, kwa sentensi fupi. Akisema redio inamtangaza, usibishane naye wala usimkubalie: "Naona inakusumbua sana, kaka. Umekula leo?" Mpe maji kwenye kikombe cha plastiki. Halafu mwache achague kumeza kidonge au kuchomwa sindano. Wengi huchagua kidonge, na usiku wenu unakuwa mwepesi.

Sasa mwili wake. Hapa ndipo tunapozembea, hasa tukisema "huyu ni wetu wa siku zote". Pima sukari, joto, mapigo, presha na oksijeni, pima malaria, papasa kichwa kama kina jeraha. Mwenye homa, shingo ngumu, au anayejitambua mara na kupotea mara, usimwite wa akili mpaka umeondoa malaria kali na homa ya uti wa mgongo. Anayetetemeka na kutoka jasho baada ya kuacha pombe siku mbili tatu anahitaji diazepamu na thiamini (vitamini B1); haloperidoli, dawa yetu ya kutuliza wagonjwa wa akili, ikitolewa peke yake inaweza kumkaribishia degedege.

Maneno yakishindwa, mtu mzima mwenye afya ya kawaida mchome msulini haloperidoli miligramu 5 pamoja na promethazini miligramu 25 hadi 50. Usiiache promethazini: inaleta usingizi na inazuia shingo kupinda na macho kugeuka juu, madhara yanayoletwa na haloperidoli. Utafiti wa Rio de Janeiro uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha hatari hiyo kwa waliopewa haloperidoli tupu. Wazee, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo, mpigie daktari kwanza. Diazepamu haifyonzwi vizuri msulini. Ipite mshipani polepole, na mfuko wa kumsaidia kupumua (ambu) uwe pembeni. Largactil (klopromazini) ya sindano inaangusha presha, mimi siigusi kama kuna nyingine. Na ile sindano ya mwezi, ambayo dawa yake hukaa mwilini wiki kadhaa, si ya dharura: haimtulizi usiku huo, na ukishaichoma huwezi kuitoa.

Kama lazima mumshike, muwe watano, mmoja kila kiungo na mmoja wa kichwa anayeongea naye na kuangalia pumzi. Asilazwe kifudifudi. Mtu asimkalie kifuani wala kumbana shingo. Mwachieni mara anapolegea.

Akisinzia, mlaze ubavu. Kwa saa ya kwanza hesabu pumzi na upime presha kila dakika 15. Usirudie dozi kabla ya nusu saa, hata ndugu wakilalamika kwamba dawa yako haifanyi kazi.

Akiamka, mweleze kilichotokea na kwa nini alichomwa. Muulize, bila kumgombeza, aliacha dawa lini. Mara nyingi utasikia vidonge viliisha kituoni au nauli haikupatikana. Andika hilo kwenye faili, pamoja na jina la ndugu aliyemtuliza na namba yake ya simu, ili zamu ijayo waanze kwa kumpigia huyo.